Kofi la Shavu la Kushoto

Nikisema mwalimu wetu wa kompyuta aliifundisha Kionga nzima, huku kaskazini mwa Msumbiji, kuanzia kingo za Ruvuma mpaka minazi inapopungua njia ya Palma, kwa mashine moja tu tena yenye homa, utasema natia chumvi. Natia, sikatai. Lakini samaki yupo. Chumvi ni ya kumfanya alike.

Jina lake silitaji, maana mwenyewe hakulipenda. Alisema jina hupewa mtu yeyote akiwa hajui hata kukaa, lakini cheo hupewa aliyekisotea. Basi sisi tulimwita Mwalimu, mkewe alimwita Mwalimu, na malaria ilipomlaza, imamu alimwombea dua akisema "Mola amponye Mwalimu", na nadhani Mola alielewa ni nani, kwa sababu alipona. Alizaliwa wapi, kwa nani, wa ukoo gani, kaulize ndugu zake, kila mmoja atakupa jibu lake. Mimi namfahamu kuanzia pale alipoanza kunisumbua: darasa la jioni la watu wazima, chumba cha mwisho cha shule ya msingi, mara tu baada ya sala ya magharibi, yeye amesimama mbele ya ubao na tai shingoni.

Hiyo tai nianze nayo. Ilikuwa nyekundu enzi za ujana wake. Mimi nilipoikuta ilikuwa imepata rangi ya maji yaliyooshewa dagaa, na urefu wake ungeweza kumfungia ng'ombe na bado kikabaki kipande cha ndama. Aliivaa juu ya shati lolote, juu ya fulana ya mpira, hata juu ya kanzu siku ya Idi, jambo lililomfanya imamu akohoe katikati ya hotuba. Ukimuuliza sababu, anaigusa kifuani na kukwambia, "Hapa ndipo beji itakapolala."

Maana Mwalimu alikuwa na haja moja tu duniani, na kila aliyekaa naye kwa muda wa kikombe cha chai aliijua. Alitaka, kabla hajafa, aajiriwe kama fundi wa kompyuta na watu wenye ofisi. Avishwe beji yenye picha yake. Aingie getini, mlinzi ampishe. Kufundisha jioni, kwake, kulikuwa ni kukaa kituoni kusubiri gari. Gari lenyewe lilichelewa miaka na miaka, na sisi tukanufaika na kuchelewa kwake.

Kila kampuni iliyofika upande wa Palma wakati ule wa gesi, kila ofisi iliyotaka mtu, Mwalimu alikwenda. Alipanda nyuma ya pikipiki, tai ikipepea kama bendera ya nchi ambayo bado haijatambuliwa. Jioni alisimama mbele yetu akasema neno moja la Kireno, kama mtu anayetaja ugonjwa wake:

"Esperiensia."

Yaani wamemtaka uzoefu. "Wanataka mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo. Nikawauliza: huyo wa kwanza kabisa kuifanya, yeye aliizoea wapi? Wakaniambia asante, tutakupigia."

Hawakupiga. Mkewe, aliyekuwa akichoma vitumbua mlangoni mwa darasa na kusikia kila kitu, alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kikaango:

"Uzoefu anao. Kutoka hapa mpaka Pemba hakuna mwenye uzoefu wa kukataliwa kama mume wangu."

"Bibi, mimi nafundisha hapa."

"Fundisha, Mwalimu, nani kakuzuia? Mimi nachoma vitumbua."

Na yeye mwenyewe, kompyuta alijifunzia wapi? Hapo ndipo kijiji kilipogawanyika. Wapo waliosema ni Mtwara, kwenye kibanda cha kupiga picha za pasipoti. Wapo waliosema alikuwa mpigachapa wa ofisi moja ambayo ilifungwa kwa sababu ya wingi wa barua alizopiga. Dereva mmoja wa lori aliapa kwamba alimwona Pemba, mji wa mkoa wetu, si kile kisiwa, katika chumba kilichojaa kompyuta, ameshika kitambaa anazipangusa vumbi. Mwalimu alipoulizwa hakukana hata moja. "Nimefanya kazi na mashine nyingi," alisema. Na ukiifikiria vizuri, anayeipangusa mashine kila asubuhi naye amefanya kazi nayo, tena kwa ukaribu kuliko bosi.

Mashine yetu ilitufikia ikiwa imeshazeeka. Ofisi fulani ilipata mpya, ikaipa shule ile kuukuu, na hotuba za makabidhiano zilikuwa ndefu kuliko umri uliokuwa umeibakia mashine. Ilikuwa na kioo chenye kisogo kikubwa kama cha kiboko, na sanduku lake la chuma pembeni, na ugonjwa ulikuwa humo sandukuni. Ukibonyeza kitufe, feni inakoroma, taa inawaka, kisha kimya, kama mzee aliyesahau alichoitiwa. Hapo Mwalimu alikunja mkono wa shati, akasubiri taa ipepese, kisha akalizaba sanduku kofi upande wa kushoto. Kofi la kiganja kizima, pale pale siku zote, mpaka rangi ikabanduka kwa umbo la mkono. Mashine ikashtuka, ikaamka, ikaomba radhi kwa mlio mdogo. Ukilipiga kofi mapema, haiamki. Ukichelewa, haiamki. Ukikosea ukapiga upande wa kulia, inazimika yenyewe, jenereta nayo inazimika, na mbwa wa kijiji wanaanza kubweka, ingawa kwa hao mbwa sina ushahidi.

Tuliliita kofi la shavu la kushoto, na aliyefikia zamu ya kukaa mbele ya mashine alifundishwa hilo kabla ya kitu kingine chochote. Kuna watu waliomaliza kozi hawajui kufungua faili lakini kofi lao lilikuwa safi, halina kasoro. Zainabu, mwenzangu wa dawati moja, mchana muuza madafu na jioni mwanafunzi, alifikia daraja ambalo feni ilianza kuzunguka alipoinua mkono tu.

Baada ya kofi, somo la pili lilikuwa na maneno matatu: "Zima, washa, kaa kimya." Mwalimu aliamini kwamba nusu ya maradhi ya kompyuta yanatokana na watu kuzungumza mbele yake. Mashine ikigoma, aliizima, akaiwasha, akatuamuru tunyamaze wote, na darasa zima la watu wazima, wengine wana wajukuu, tulikaa kama tuko msikitini mpaka iwake. Mara nyingi iliwaka. Sasa kwa kuwa nimefanya kazi hii naweza kukwambia kwamba wahandisi wakubwa wanafanya vivyo hivyo, ila wao wana kiyoyozi.

Mashine moja haitoshi watu wote wale. Basi Mwalimu akafanya kama walimu wetu wa chuoni walivyotufanyia utotoni tulipojifunza alifu na bee: kila mtu na ubao wake. Kwa mkaa alituchorea teklado, ambayo wenzetu wa ng'ambo ya mto wanaiita kibodi, juu ya vipande vya mbao za makasha, herufi kwa herufi, na tukaambiwa tuchape. Fikiria watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika masikioni, wanagonga mbao kwa vidole vyote kumi, ko ko ko ko, na Mwalimu anapita katikati akisoma vidole.

"Wewe, umeandika 'mihoga'."

"Mwalimu, umeonaje? Hakuna kilichoandikwa!"

"Kidole chako cha mwisho kimeteleza. Futa."

Na tulifuta. Usiniulize tulifuta nini.

Lakini kilichomfanya Mwalimu awe Mwalimu ni jinsi alivyolitatua lile fumbo la uzoefu. Kazi hupati bila uzoefu, uzoefu huupati bila kazi. Alilala nalo, akaamka nalo, na siku moja akatutangazia dawa: estajio. Maofisini huko neno hilo lina maana ya kufanya kazi bila malipo ili siku moja useme umewahi kufanya kazi. Kwa Mwalimu lilikuwa na maana hiyo hiyo, isipokuwa ofisi ilikuwa shamba lake. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa mbele ya mashine yenyewe kabla ya kumaliza msimu mzima akimpalilia mihogo na kumchimbia mashimo ya miche ya minazi.

Zainabu alinyosha mkono siku ya kwanza, jembe begani.

"Mwalimu, shimo la mnazi na kompyuta vinakutana wapi?"

"Zainabu, umewahi kuona kompyuta iliyoanza kwa raha?"

"Mimi kompyuta hata sijaigusa, Mwalimu. Nimegusa mihogo tu."

"Basi uko hatua ya kwanza. Chimba."

Na kwa mashimo, huyu mtu alikuwa mkali kuliko forodha. Shimo lifike pajani. Kuta zinyooke kama za kisima. Udongo wa juu ukae kulia, wa chini ukae kushoto, na ole wako uuchanganye. Alikuja na tai yake, akachungulia, akanyamaza. Ukimwona ananyamaza ujue yamekukuta. Kwa mguu wake mwenyewe alilifukia shimo lote, akakurudishia jembe na kusema, "Anza upya, mimi nakusimamia." Mimi nilichimba shimo moja mara nyingi kiasi kwamba nadhani mnazi uliopandwa pale una mizizi yenye hasira. Kijijini walicheka. Walisema Mwalimu amegundua njia ya kupata vibarua wa bure kwa kutumia kompyuta, na kwamba kwa hilo kweli ni mtaalamu wa teknolojia. Sikuwabishia wakati ule, na hata leo siwezi kuwabishia sana.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Alituhubiria barua pepe, kwamba inafika Brazili kabla hujafumba jicho, lakini yeye akitaka kumpelekea shemeji yake ujumbe kijijini Nyika, alimpa mtu wa pikipiki kwa mdomo, na kumtaka aurudie mara mbili. Alizidharau simu za kisasa. "Hizo si kompyuta," alisema, "hizo ni redio zenye uso." Yake ilikuwa ya vitufe, imefungwa kwa uzi wa nyavu, na ilipoita alisimama wima kabla ya kupokea, maana huenda ni wao. Hilo la kusimama tulilicheka sana. Mkewe tu hakulicheka. Niliwahi kumwona anaacha kukoroga unga, kijiko hewani, mpaka mumewe aliposema "Aa, ni wewe, shemeji," ndipo mkono ukaendelea kukoroga.

Siku ile wenye bunduki walipotuvamia tukakimbia sote, na mtu wa huku sihitaji kumweleza siku gani, kila mmoja alibeba alichoona kina thamani. Mama yangu alibeba sufuria na msahafu. Jirani yetu alibeba mlango. Mwalimu alibeba kioo cha kompyuta kichwani, kimefungwa kwa kanga ya mkewe, na mkewe nyuma yake alibeba vitu vyote vingine vya nyumba pamoja na maoni yake. Sanduku lenyewe, lenye ubongo wote, lilibaki darasani. Tulipokutana kambini upande wa Pemba nikamuuliza:

"Mwalimu, umechukua kioo umeacha mtambo?"

"Mtambo mgonjwa ule. Ungenifia njiani."

Kioo alikiweka juu ya ndoo mlangoni mwa hema, na kikafanya kazi ya kioo: wanawake walijitazamia humo wakifunga vilemba. Jioni aliokota mbao za makasha ya msaada, akachora teklado, akavaa tai, akaanza upya. Ko ko ko ko, katikati ya mahema. Kioo hakikuwaka hata siku moja na hakuna aliyekosa darasa. Utasema watu hawakuwa na pengine pa kwenda jioni, na ni kweli. Lakini pale kambini kila aliyekuja na kalamu alituuliza tumetoka kijiji gani na tuko wangapi. Mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa akituuliza tunataka kuwa nani.

Tuliporudi, shule ilikuwa haina paa na sanduku halikuwepo. Mtu kaliiba, na popote alipo namwonea huruma, kwa sababu hajui pa kupiga.

Sasa ndipo wanafunzi wake tulipoanza kutoka mmoja mmoja kama vifaranga. Zainabu alichukuliwa ofisi ya wilaya kuandika barua. Siku ya kwanza akaonyeshwa kompyuta ya mkuu wake, mpya, bado ina nailoni. Zainabu akabonyeza, akasubiri taa ipepese, akaizaba kofi. Wanasema sauti ilisikika sokoni. Mkuu alitoka chooni akikimbia. Kazi hawakumnyima, maana vidole vyake viliandika kuliko vya wote waliomtangulia, lakini habari ilisambaa: watu wa Kionga, kabla hawajafanya kazi, wanapiga.

Mimi ikafika zamu yangu. Kampuni ndogo ya kufunga intaneti vijijini ilifungua ofisi Palma, na bosi wake alikuwa mama mmoja kutoka Maputo, Senyora Injinia, mwembamba, mkavu wa maneno, asiyekaa kivulini hata jua likiwa la utosi. Akaniwekea laptopu nyembamba kama chapati.

"Iwashe."

Nikabonyeza. Nikasubiri taa. Mkono ukaenda wenyewe, wallahi, sikuutuma. Laptopu iliruka, na Senyora Injinia akaidaka kwa mikono miwili kama golikipa.

"Unafanya nini wewe?"

"Naiwasha, Senyora."

"Kwa kuipiga?"

"Upande wa kushoto tu."

Akaitazama, ilikuwa imewaka zamani. Akanitazama mimi. "Wewe ni wa Kionga."

"Ndiyo, Senyora."

"Una uzoefu gani?"

Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri, mrefu, wenye matawi. Nikauacha hapo. Nikasema nimefanya estajio. Akauliza ni ofisi gani. Nikasema shambani kwa mwalimu wangu, nikichimba mashimo ya minazi. Nilikuwa tayari nimeshashika kofia niondoke, yeye ndio kwanza anaweka kalamu chini.

"Ya kina gani?"

"Pajani."

"Kuta zinanyooka?"

"Zisiponyooka, linafukiwa."

Kazi nikapata. Maana teknolojia, ndugu yangu, nisikufiche, inafika Kionga kwa nguzo, na nguzo inaingia kwenye shimo. Kabla yangu Senyora Injinia alikuwa ameajiri vijana wawili wenye vyeti vya Nampula, na nguzo zao zilikuwa zikiinama kama wazee kwenye rukuu. Msimu wangu wa kwanza katika ulimwengu wa kisasa sikugusa kompyuta. Niligusa jembe, lile lile.

Nilikwenda kumpa Mwalimu habari. Alifurahi, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza beji ina rangi gani. Nikamwonyesha. Akaigeuza, akasoma nyuma na mbele, akanirudishia. Mkewe ndiye aliyeniambia baadaye kwamba baada ya siku ile tai ilining'inia msumarini wiki nzima.

Namaliza na mwaka huu. Kazi ilizidi, Senyora Injinia akataka fundi msaidizi, na tangazo likabandikwa sokoni, likiwa na neno lile lile. Siku ya usaili nilikaa kando yake kutafsiri pale Kireno kitakapokwama. Waombaji wote walikuwa wa darasa letu la jioni. Aliingia wa kwanza, akapiga. Wa pili, akapiga. Kufika wa nne, Senyora Injinia alikuwa ameifunga laptopu kwa waya kwenye mguu wa meza, na bado aliishikilia kwa mkono.

Akaingia Mwalimu. Tai imepigwa pasi. Ndevu zimekuwa nyeupe kuliko nilivyoziacha. Nikasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa chini, bwana. Leo wa kusimama ni mimi."

"Ndiye aliyewafundisha?" Senyora Injinia akaninong'oneza.

"Ndiye."

Akaishika laptopu kwa mikono yote miwili.

Mwalimu akaketi. Akaiangalia mashine juu, akainama akaiangalia pembeni, kama mtu anayenunua mbuzi. Akabonyeza kitufe kwa kidole kimoja, taratibu. Kisha akaweka mikono mapajani, akakaa kimya. Sote tukakaa kimya. Mashine ikawaka.

Senyora Injinia alikuwa bado ameishikilia. "Hupigi?"

Mwalimu akashangaa kabisa. "Niipige kwa nini? Inaumwa?"

"Wanafunzi wako wote wamepiga."

Akanigeukia polepole, na kwa kitambo nilirudi kwenye lile dawati, magoti masikioni. "Wewe, umepiga mashine ya watu?"

"Mwalimu, si wewe uliyetufundisha..."

"Niliwafundisha kuipiga ile! Ile ilikuwa inaumwa! Mtu akikuonyesha namna ya kumbeba mgonjwa, ndio utambeba kila unayekutana naye njiani?"

Senyora Injinia, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alicheka mpaka akavua miwani. Nikajua tumepona. Lakini yule mama alirudisha miwani, na pamoja nayo akarudisha uso wake wa kazi. Kuwasha si uzoefu, alisema. Amewahi kufanya kazi hii wapi?

Mwalimu akafungua mdomo. Nikaogopa atasema zile mashine nyingi. Hakuzisema.

"Shuleni," akasema.

"Shule iko wapi?"

"Haina paa."

"Na hiyo mashine uliyofundishia?"

"Kioo ninacho nyumbani."

Vidole vyake vikaanza kuikunja ncha ya tai, kuikunja na kuikunjua. Mtu huyu alikuwa ametudai uzoefu kabla hatujaigusa mashine, na sasa ameulizwa wake, na mwulizaji tayari ameshika kalamu kuandika jina la anayefuata. Nikasema, kwa Kireno changu chenye mihogo:

"Senyora, uzoefu wake ni sisi. Mimi, na yule dada wa wilaya, na hawa wote waliokuwa wakikupigia kompyuta tangu asubuhi."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, bila haraka.

"Kama uzoefu wake ni wewe," akasema, "basi aanze na estajio."

Nikamtafsiria Mwalimu nusu ya pili tu. Bahati mbaya Kireno alikijua.

Beji aliyopewa ina picha ambayo amekaza uso kama anayetuhumiwa kwa wizi wa meli, na chini yake imeandikwa ESTAJIO kwa herufi kubwa. Ililala juu ya tai, pale pale alipotuonyesha miaka yote. Mkewe aliisoma, akaigeuza, akauliza, "Na malipo?"

"Nikimaliza estajio."

"Mwenyewe utakula mihogo, basi." Kisha akainyoosha beji iliyokuwa imekaa upande, akaifuta kwa ncha ya kanga, na asubuhi hiyo wateja wa kwanza walipewa kitumbua cha bure, jambo ambalo Kionga haikuwahi kuliona na haitaliona tena.

Nguzo ya kwanza tuliyopangiwa ilikuwa ya uwanja wa shule yetu. Nilifika mapema, na kwa kuwa mimi sasa ndiye mkubwa wake kikazi, nikasema nianze, asije akachoka mzee wa watu. Nilichimba haraka haraka, nikiwaza hotuba fupi ya kumkaribisha kazini. Alipofika, nikampa mkono, nikamweleza majukumu yake, nikamwambia asisite kuuliza pale asipoelewa.

Hakuuliza kitu. Alisogea ukingoni, akaishika beji isije ikaanguka, akachungulia.

Akanyamaza.

"Mwalimu," nikasema, "hilo linatosha kwa nguzo, ni la..."

Akaanza kulifukia kwa mguu. Udongo wa juu na wa chini nilikuwa nimeuchanganya, nikaona aibu mwenyewe. Alipomaliza, akalisawazisha kwa kisigino, akaokota jembe, akanikabidhi.

"Anza upya," akasema, "mimi nakusimamia."

Nikavua viatu vya kampuni.